Mabaka yanapogoma: kusaka kosa kwenye kombati ya askari wa skeli

Anayeanza kupaka rangi askari wa plastiki huogopa macho. Akishapaka watatu wanne hugundua kwamba uso una huruma: ukiukosea kidogo unapata mtu mwenye sura nyingine, na dunia imejaa sura. Kombati ya mabaka haina huruma hiyo. Ukiikosea, askari wako amevaa pajama.

Nazungumzia hasa askari wa skeli ya 1/35, wale wa kampuni za Tamiya, Dragon, ICM na Master Box, wanaopakwa kwa brashi na rangi za akriliki. Mtu wa sentimita 175 katika skeli hiyo anakuwa na sentimita 5 kamili. Katika 1/72 anabaki na milimita 24 tu, na huko baadhi ya haya yanageuka, nitasema yakifika.

Kabla ya dalili zenyewe, liko jambo moja ambalo lingeniokolea askari wengi kama ningelijua mapema. Kombati ni kitambaa kilichochapwa kwanza, kikakatwa, ndipo kikashonwa. Ni kitenge. Anayetawanya mabaka moja kwa moja juu ya mwili wa askari anafanya kazi ya mpaka hina, wakati kazi inayotakiwa ni ya fundi cherehani. Utaona dalili nyingi zinarudi hapo.

Amekuwa tope

Ukimshika karibu unaziona rangi zote nne. Ukimweka rafuni ukarudi nyuma hatua mbili, unaona kitu cha kijani cheusicheusi kama kimeopolewa mtaroni. Sababu ziko tatu, na zikague kwa mpangilio huu, maana ya kwanza ndiyo yenye makosa mara nyingi zaidi.

Mabaka ni madogo mno. Mkono ukiwa na woga huchora vidogo, na hili hutupata karibu sote. Fanya hesabu: baka la sentimita 20 kwenye nguo halisi ni karibu milimita 6 katika 1/35. Kifua cha mtu chenye upana wa sentimita 40 ni milimita 11 na kidogo. Maana yake mabaka makubwa mawili tu yanatosha kukijaza kifua kutoka kwapa hadi kwapa. Wewe umeweka saba. Mimi siku hizi sipimi kabisa, nahesabu: nachukua picha ya askari wa kweli, nahesabu mabaka ya rangi moja kati ya bega na mkanda, kisha nalinda hesabu hiyohiyo kwenye sanamu. Hesabu haidanganyiki kama jicho.

Jeshi la Marekani lenyewe liliwahi kuugua ugonjwa huu. Mchoro wake wa ERDL, uliobuniwa mwaka 1948 na kuvaliwa baadaye Vietnam, ulikuwa na mabaka madogo yaliyoungana kuwa rangi moja mtu akitazamwa kutoka mbali. Walipotoa sare mpya mwaka 1981, ile inayoitwa Woodland, walichukua mchoro uleule wakaukuza kwa asilimia 60. Basi kama wao walilazimika kukuza kwa binadamu mzima, wewe mwenye mtu wa sentimita 5 usione haya kukuza kidogo. Kwenye 1/72 kuza bila kuomba radhi.

Sababu ya pili, rangi zimekaribiana kwa uzito. Mpige picha askari kwa simu kisha igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Kahawia na kijani vikimezana, umepata jibu. Kitu kidogo hurudisha mwanga mdogo machoni, kwa hiyo rangi iliyo sahihi kwenye nguo ya kweli huonekana imezama kwenye sanamu. Zinyanyue zote, lakini usizinyanyue kwa nyeupe. Nyeupe huigeuza kahawia kuwa waridi na kijani kuwa chokaa. Tumia rangi ya mchanga, ileile uliyopakia msingi. Na nyeusi ya Woodland usiipake nyeusi ya chupani. Changanya kijivu kizito na kahawia kidogo. Nyeusi tupu kwenye mtu mdogo huonekana kama tundu.

Ya tatu ni ile rangi ya majimaji ambayo kila mtu hushauriwa aimwage juu ya askari ili iingie kwenye mikunjo. Kwenye sare ya rangi moja ni dawa nzuri. Kwenye mabaka ni chai iliyomwagikia picha: inazilaza rangi zote chini ya kahawia moja. Nitairudia kwenye mikunjo.

Amevaa pajama

Huyu ni kinyume cha wa kwanza. Mabaka yanaonekana vizuri mno, ya mviringo, yamepeana nafasi sawasawa, na yote ni ndugu wa tumbo moja. Sababu ni mdundo. Mkono wa binadamu ukirudiarudia kitendo huanza kucheza ngoma, na ngoma ina mapigo sawa. Tiba yake haiko kwenye umakini, ukizidisha umakini ndiyo unazidi kulinganisha. Tiba ni kukata. Chukua rangi ya msingi, rudi juu ya mabaka yaliyokauka, limegue hili ubavuni, lipasue lile katikati, acha mawili yaungane kwa shingo nyembamba. Mimi nusu ya umbo la baka nalipata wakati wa kukata, si wakati wa kupaka. Mpangilio wangu ni mchanga kwanza, kijani, kahawia, nyeusi mwisho, halafu mchanga na kijani tena kwa kukata.

Umbo hutofautiana kwa kila mchoro, kwa hiyo jua unapaka nini. DPM ya Waingereza, iliyoanza kugawiwa kwa wingi na sare ya mwaka 1968, ina kingo zilizokwaruzwa kama brashi iliyoishiwa rangi. Ukiipaka kwa kingo laini inageuka Woodland. Mchoro wa Kijerumani wa vipande, uliotoka mwaka 1931 kwenye turubai la hema na baadaye kuhamia kwenye majaketi, una pembe kali na mistari mirefu iliyonyooka, na juu yake mchirizi wa vijistari vifupi kama manyunyu. Pale duara lolote ni kosa.

Sasa, kitenge. Fundi hodari wa Kariakoo akikushonea gauni huhangaika ua la upande wa kulia likutane na la kushoto pale kwenye zipu, na ndiyo fahari yake. Kiwanda cha jeshi hakina fahari hiyo. Kinakata vipande kwa maelfu na kuvishona vilivyoangukia. Kwa hiyo baka likifika kwenye mshono wa bega, kwenye ukingo wa mfuko au kwenye kola, lazima likatike ghafla, na upande wa pili kianze kitu kingine. Askari anayeonekana wa uongo bila wewe kujua kwa nini, mara nyingi tatizo ni hilo: mabaka yake yanavuka mifuko kana kwamba mifuko haipo. Pitisha mstari mwembamba wa kahawia nzito kwenye kila mshono kabla ya mabaka, uwe mpaka unaouona, kisha paka kila kipande kama nchi yake. Kwangu hili peke yake limebadilisha sura ya kazi kuliko brashi yoyote ya bei.

Michoro ya mistari inaadhibu zaidi. Wareno walipokuwa vitani Msumbiji, 1964 hadi 1974, walivaa mchoro uitwao mjusi wenye mistari inayokwenda juu na chini. Mjusi wa Wafaransa, ambao ndio mzazi wake, mistari yake inalala. Kosa linalojirudia ni mikononi. Askari ameinua mkono kuelekeza, na mpakaji anaendelea kuchora mistari kwa kufuata sakafu ya meza. Mstari hufuata mkono wa shati. Mkono ukiinuka, mistari inainuka nao.

Vitone vina mikia, au havitoki kabisa

Hapa ndipo watu huacha hobi. Mchoro wa Kijerumani wa mwaka 1944 unaojulikana kama njegere, Flecktarn ya Bundeswehr, jeshi la Ujerumani, yenye rangi tano, na ule wa jangwani wa rangi sita ambao Wamarekani walikwenda nao Ghuba mwaka 1991, wenye vijiwe vyeusi vilivyo na weupe ubavuni. Yote hii ni kazi ya vitone.

Kwanza tuachane na kisichowezekana. Kitone cha sentimita moja katika 1/35 ni chini ya milimita 0.3. Ukijaribu kuvipaka vyote kwa kipimo chake utapata vumbi, na utarudi kwenye tope la juu. Paka vichache, vya karibu nusu milimita, na uvipange kwa mafungu kama vilivyo kwenye nguo: vinasongamana hapa, vinatawanyika pale, pengine havipo.

Kitone chenye mkia kimetokana na brashi kuburutwa. Ncha iguse na kuinuka wima, kama unavyodonoa. Kitone kinachotawanyika na kuacha duara lenye katikati tupu kina maji mengi. Futa brashi kwenye tishu kabla ya kugusa sanamu, kila mara, hata ukiona unachosha. Rangi iwe na uzito wa maziwa ya kawaida. Ikifika uzito wa mtindi inasimama kama kipele na kuziba mishono uliyoitafuta kwa shida.

Kitone kisichotoka kabisa, yaani unagusa na hakuna kitu, ni rangi iliyokaukia nchani. Pwani nililaumu rangi, nikalaumu duka, nikanunua brashi namba 000 nikidhani ncha ndogo itasaidia. Ikawa mbaya zaidi. Brashi ya 000 haina tumbo. Inabeba rangi kidogo kiasi kwamba inakauka katikati ya safari kutoka kwenye sahani hadi kwa askari. Brashi namba 0 au 1 ya manyoya mazuri, yenye ncha inayofunga sawasawa, huchora kitone kilekile na tumbo lake linaendelea kuilisha ncha. Halafu kuna mwizi mwingine ambaye sikumshuku kwa miezi: feni la dari. Lilikuwa linanipoza mimi na kunikaushia brashi. Zima feni, vumilia jasho. Tandaza tishu mbili zilizolowa kwenye sahani bapa, juu yake weka karatasi ya kuokea, mimina rangi hapo. Itakaa tayari saa nzima badala ya dakika tano. Tone moja la dawa ya kuchelewesha rangi kukauka nalo linasaidia, matone mawili yanakufanya ungoje hadi kesho.

Kwenye 1/72 vitone visahau. Paka mabaka ya wastani ya rangi tatu, gusa hapa na pale kwa rangi ya nne, acha jicho la mtazamaji limalizie.

Rangi ya chini inang'oka

Unapitisha kijani na mchanga wa chini unakunjamana au unayeyuka ukichanganyikana. Kama ni rangi za Tamiya, tatizo ni kwamba kiyeyushi chake kina alkoholi, na tabaka la juu huifungua lile la chini hasa ukipitisha brashi mara mbili mahali pamoja. Nzuri sana kwa kupuliza kwa mashine. Kwa brashi na mabaka mimi nimeziacha. Kama ni rangi za maji kama Vallejo, uliharakisha tu. Kukauka juu si kukauka ndani. Ngoja usiku mzima kati ya msingi na mabaka.

Ikibanduka kama ngozi ya kiazi hadi plastiki, au inabanduka pale unaposhika kwa vidole, sababu iko mwanzo kabisa: mafuta ya kiwandani hayakuoshwa. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki mzee. Askari wa resini waoshe mara mbili. Halafu praima, ile rangi ya kwanza inayoshikisha nyingine. Kwa sisi tunaoagiza kwa posta, praima ya kupuliza haisafirishwi kwa ndege, hivyo wengi tunatumia ya chupa na brashi. Hiyo iache siku nzima kabla ya kuigusa. Na mshike askari kwa kizibo ulichomgundishia miguuni, si kwa mwili.

Mikunjo imepotea

Umepaka mabaka mazuri, na ghafla askari amekuwa bapa kama katuni. Mabaka yalibuniwa kuficha umbo la mtu, na hapa yamefanya kazi yake. Ni juu yako kulirudisha.

Kuna wanaoweka vivuli na mwangaza kwenye rangi ya msingi kwanza, kisha wakapaka mabaka membamba juu yake ili vivuli vipenye. Inafaa kwa 1/72 na kwa mtu mwenye haraka. Mimi nafanya baada ya mabaka. Nachanganya kahawia nzito na maji, sehemu moja kwa nane au tisa, naondoa unyevu wote wa ziada kwenye tishu, na kupitisha ndani ya mikunjo tu: kwapani, nyuma ya magoti, chini ya mkanda, kwenye viwiko. Mara tatu nyembamba, kila moja ikauke. Hapo ndipo ile rangi ya kumwaga ingekuharibia, maana haijui mkunjo na mgongo wa mkunjo.

Mwangaza ndio wenye kazi. Kila rangi ya kombati inahitaji mwangaza wake, mchanga kwenye kijani, mchanga kwenye kahawia, kijivu kwenye nyeusi, na ukipita mgongo wa mkunjo mmoja unaweza kubadilisha rangi mara nne. Hakuna njia ya mkato niliyoiona inafanana. Ila si lazima kila mahali: mabega, juu ya mikono iliyokunjwa, magoti, basi.

Weupe kama ukungu baada ya vanishi

Hii inauma kwa sababu inakuja mwisho. Umepuliza vanishi isiyong'aa, umemwacha, unarudi na kumkuta kama amepita kwenye unga wa sembe. Ukiwa Dar, Tanga au Mombasa mshitakiwa wa kwanza ni unyevu wa hewa: vanishi ya kopo ikipulizwa kwenye hewa nzito inanasa maji. Usipulize alfajiri wala usiku, wala siku za masika. Saa nane mchana wa jua ndio wakati wangu, na kopo nalitikisa dakika mbili kamili.

Mshitakiwa wa pili yuko ndani ya chupa. Kinachofanya vanishi ising'ae ni unga laini ambao hutuama chini. Usipotikisa, unapaka maji ya juu na askari anang'aa kama kavaa nailoni. Ukifika mwisho wa chupa, unapaka unga mtupu na anakuwa mweupe. Dalili mbili zinazopingana, mzizi mmoja.

Usimfute wala kumkwangua. Pitisha tabaka jembamba la vanishi inayong'aa kwa brashi. Mara nyingi weupe unazama wote na mabaka yanarudi. Akauke siku moja, ndipo upitishe isiyong'aa iliyotikiswa vizuri.

Kila kitu ni sahihi na bado ni mwongo

Mishono inakata, vitone vimekaa, vivuli vipo. Lakini kuna kitu. Angalia kama shati, suruali na kitambaa cha kofia vina rangi ileile kabisa. Askari hafui nguo zake zote kwa siku moja wala hapewi zote mwaka mmoja. Suruali huchujuka magotini, shati huchujuka mabegani. Ongeza mchanga kidogo kwenye rangi zote za kipande kimoja, ukiacha kingine kama kilivyo. Mikanda na mikoba nayo mara nyingi ilikuwa ya rangi moja, au ya kiwanda tofauti, na sehemu hizo tulivu ndizo zinazolipa jicho nafasi ya kupumzika.

Pengine pia ulifuata picha mbovu. Wenzetu wa Ulaya hununua koti kuukuu la jeshi mnadani, wakalitandika mezani wanapopaka. Kwetu Tanzania, Kenya na Uganda raia akikutwa na magwanda ya jeshi ana kesi ya kujibu, hivyo tunategemea picha, na picha za vitani zimechujuka au zina rangi ya jioni. Tafuta picha za nguo zenyewe zilizolazwa kwenye makumbusho. Imperial War Museums ya Uingereza ina nyingi mtandaoni, zimepigwa kwenye mwanga mweupe. Usilinganishe na rangi ya picha moja tu.

Mabaka ya pikseli

MARPAT ya Marine Corps ya Marekani, iliyotoka mwaka 2002, na wenziwe: miraba yake ni ya milimita chache kwenye nguo ya kweli, kwa hiyo katika 1/35 haipakiki. Kuna stika za maji zilizochapwa mchoro huo. Zikate kwa vipande vya fundi cherehani, mkono, mfuko, kola, kila kimoja peke yake, juu ya tabaka la vanishi inayong'aa, na dawa ya kulainisha stika kama Micro Sol ili zilale kwenye mikunjo. Zikigoma kwenye viwiko, chana kwa wembe, zibe kwa brashi. Asiyetaka stika apake mabaka ya kawaida yenye kingo za kukatikakatika, na kwa umbali wa hatua moja hakuna atakayemuuliza.

Hakuna kinachookoka

Ipo siku hivyo. Rangi imekuwa nene, mishono imejaa, na kila sahihisho linaongeza tabaka. Mvue nguo. Rangi za akriliki hutoka kwa spiriti ya isopropili: mzamishe kwenye chupa yenye mfuniko, umchungulie kila baada ya nusu saa, kisha mswaki na maji ya sabuni. Wa resini usimwache humo usiku kucha. Na thina ya dukani, ile ya mafundi wa magari, isikaribie plastiki hata kwa kuonja. Nina sajenti mmoja ambaye uso wake uliingia mabegani kwa sekunde ishirini. Sasa hivi amelala kifudifudi kwenye mtaro wa diorama, ile mandhari ndogo ya kuigiza, na mabaka ya mgongoni mwake ndiyo bora niliyowahi kupaka.